2025: Mwaka ambao mpira ulivuka mpaka bila kibali

Jumatatu ya Julai 28, 2025, Tanzania ilichapisha amri inayowazuia watu wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani. Jumamosi ya wiki hiyohiyo, Agosti 2, Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam ulipokea mechi ya ufunguzi wa michuano ya CHAN, iliyoandaliwa kwa pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda.

Siku tano tu zilitenganisha mambo hayo mawili. Kwa mtu anayelisha watoto wake kwa kuvuka Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, siku hizo tano zinatosha kueleza mwaka mzima wa 2025. Burudani za Afrika Mashariki zilipita mpakani bila kuulizwa karatasi. Mfuko wa vitunguu uliulizwa.

Huu hapa ni mwaka 2025 kama ulivyoonekana kutoka kwenye foleni ya forodha, kwenye kibanda cha mpira na kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda.

Agosti ya jezi na vuvuzela

CHAN ni michuano ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao. Ilikuwa ifanyike Februari, lakini katikati ya Januari Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likaisogeza mbele hadi Agosti ili viwanja na miundombinu mingine vikamilike. Aliyekuwa amekwisha kuagiza bendera na kofia alilazimika kukaa na mali miezi sita. Ambaye hakuwa na mtaji Januari, alipata muda wa kuutafuta.

Haikuwahi kutokea nchi tatu kuandaa CHAN pamoja. Mechi zilichezwa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Zanzibar, na ratiba ilipangwa kama vile ilimfikiria muuza jezi: Jumamosi ilikuwa ya Tanzania, Jumapili ya Kenya, Jumatatu ya Uganda. Taifa Stars waliifunga Burkina Faso mabao 2-0. Kesho yake Harambee Stars, wakishiriki CHAN kwa mara ya kwanza katika historia yao, waliilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 1-0 pale Kasarani. Uganda Cranes ndio walioanza vibaya, wakachapwa 3-0 na Algeria katika uwanja wa Namboole.

Baada ya hapo kila timu ikajifanyia makubwa. Kenya ikaifunga Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam na kuongoza kundi lililokuwa na Angola na Zambia pia. Tanzania haikufungwa katika mechi nne za kundi. Uganda ikainuka kwa kuipiga Guinea 3-0 na Niger 2-0, kisha ikatoka sare ya 3-3 na Afrika Kusini katika mechi iliyowaacha wengi bila sauti.

Kwa wiki tatu, mpaka ulikuwa na lugha moja. Dereva wa lori wa Kenya aliyelala Malaba upande wa Uganda aliiangalia timu yake kwenye runinga ya mgahawa wa Waganda, na Waganda wakamshangilia kwa sababu kesho yake ilikuwa zamu yao. Katika miji ya mpakani, mtu aliweza kuvaa jezi ya jirani bila kuitwa msaliti. Wengi walifanya hivyo, wengine kwa mapenzi na wengine kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani.

Pale Kasarani hamasa ilizidi kipimo. Baada ya mashabiki kuvunja utaratibu wa kuingia uwanjani, CAF ilipunguza idadi ya watu walioruhusiwa na kuagiza tiketi ziuzwe kwa mtandao tu. Waliozoea kununua tiketi mkononi langoni walibaki nje, lakini wauza bendera hawakulalamika: aliyebaki nje naye alihitaji kitu cha kupeperusha.

Kisha ikafika Ijumaa ya Agosti 22. Jioni, Kenya ilitoka sare ya 1-1 na Madagascar, ikatolewa kwa penalti 4-3. Usiku, Tanzania ikafungwa 1-0 na Morocco katika uwanja wa Mkapa, na watani hawakukosa la kusema, kwani kocha wa Taifa Stars, Hemed Suleiman, ndiye huyo anayejulikana kwa jina la utani la Morocco. Siku iliyofuata, Uganda ikafungwa 1-0 na Senegal. Ndani ya saa zisizozidi 30, wenyeji wote watatu walikuwa watazamaji katika michuano yao wenyewe.

Hapo ndipo mfanyabiashara alipofunzwa somo ambalo wauzaji wa mali ya msimu wanalijua vizuri. Jezi ya timu iliyo mashindanoni ina bei mbili: bei ya kabla ya filimbi ya mwisho na bei ya baada yake. Ya kwanza hupanda kila timu inapofuzu, na ya pili hushuka usiku mmoja. Aliyepakia marobota mawili Alhamisi akitumaini nusu fainali, Jumapili alikuwa anatafuta wa kumwuzia kwa bei ya kununulia. Waliopona ni wale waliochanganya mali: kofia za kawaida, viatu vya raba, vitenge, na jezi chache tu za kuchomekea.

Fainali ya Agosti 30 pale Kasarani ilizikutanisha Morocco na Madagascar. Morocco ilishinda 3-2, bao la ushindi likifungwa na Oussama Lamlioui kwa shuti la mbali lililompita kipa aliyekuwa ametoka langoni. Ilikuwa fainali tamu. Lakini kati ya Kampala na Mombasa, ni nani alikuwa na jezi ya Madagascar ya kuuza?

Amri ya biashara 15

Shangwe za Agosti hazikufuta amri ya Julai. Amri hiyo ilieleza kuwa mgeni hatapewa leseni mpya wala kuhuishiwa leseni kwa biashara zilizotajwa, ingawa aliyekuwa na leseni halali aliruhusiwa kuendelea hadi muda wake uishe. Anayekiuka anakabiliwa na faini, kifungo, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Mtanzania anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye anaadhibiwa.

Sababu iliyotolewa si ngeni kwa anayelijua soko la Kariakoo. Kwa muda mrefu wachuuzi Watanzania walilalamika kuwa wageni, hasa kutoka mbali, wameacha kuwekeza kwenye viwanda na kushuka hadi kwenye vibanda vya rejareja. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, na muuza duka wa Nairobi au Kampala anaweza kuyasema yaleyale kuhusu mtaa wake.

Tatizo ni kwamba amri haikumtenganisha mgeni wa mbali na jirani. Waziri wa Biashara wa Kenya, Lee Kinyanjui, aliipinga hadharani akisema inadhoofisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hoja ya waliopinga iko kwenye Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, ambayo Ibara yake ya 13 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine mwanachama.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kilichouma zaidi ni kile kipengele cha kununua mazao shambani. Machungwa ya Tanga, vitunguu vya Kilimanjaro na mahindi ya Nyanda za Juu Kusini hufika Nairobi na Mombasa kwa njia ileile tangu zamani: mnunuzi anasafiri hadi shambani, anaangalia zao likiwa bado juu ya mti au ardhini, anakubaliana na mkulima, anapakia. Chini ya amri hii, mnunuzi asiye raia lazima apitie kwa Mtanzania. Dalali akapata kazi. Mnunuzi akapata gharama mpya, na mkulima akabaki na maswali yake kuhusu nani atapandisha bei na nani ataishusha.

Kuna jambo ambalo wengi walilichanganya, na bado linachanganywa. Amri inahusu kufungua na kuendesha biashara ndani ya nchi. Haikufuta utaratibu wa biashara ndogo za mpakani. Bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa mzigo mmoja, bado zinapita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa hapohapo mpakani, bila ushuru wa forodha. Mama anayevusha dagaa, maharage au ndizi kwa kiasi hicho hahitaji kujificha. Anayehitaji kujificha ni yule anayetumia njia ya panya, na gharama ya njia ya panya haijawahi kuandikwa kwenye ubao wowote: leo hulipi kitu, kesho unapoteza mzigo wote.

Watani wa jadi, miguu ya majirani

Kabla ya CHAN, nusu ya kwanza ya mwaka ilikuwa ya vilabu. Simba SC ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kukutana na RS Berkane ya Morocco. Ilifungwa 2-0 ugenini Mei 17, na marudiano ya Mei 25 yakachezwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, yakaisha 1-1. Kombe likaenda Berkane, lakini kwa wiki moja nyekundu ya Msimbazi ilionekana mbali sana na Msimbazi.

Mahasimu wao walicheka mwisho. Mechi ya watani wa jadi iliyokuwa ichezwe Machi 8 iliahirishwa siku ileile, mashabiki wakiwa wamekwisha kusafiri. Ilipofika Juni 25, ilikuwa imegeuka kuwa mechi ya kuamua bingwa. Yanga ilishinda 2-0 na kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu kwa mara ya nne mfululizo.

Ukiwauliza wauza jezi kwa nini rangi za Simba na Yanga zinauzika hadi Bujumbura, Bukavu na Busia, jibu liko uwanjani. Yanga ya msimu huo ilikuwa na Maxi Nzengeli kutoka Congo, Khalid Aucho kutoka Uganda na Duke Abuya kutoka Kenya. Simba ilikuwa na Steven Mukwala wa Uganda na Elie Mpanzu wa Congo. Kila mchezaji anavuta kijiji chake nyuma. Soko la pamoja ambalo kwa muuza viazi bado ni hadithi ndefu, kwa mchezaji mzuri wa mpira limekwisha kufika.

Kibanda, redio na simu

Mashindano makubwa hupita. Burudani ya kila siku ya mpakani ni ya bei nafuu na haina msimu. Ni kibanda cha video, redio ndogo kwenye meza ya muuza nyanya, na simu inayochajiwa kwa shilingi chache.

Kila nchi ina msimulizi wake wa filamu. Kenya ina DJ Afro, anayechukua filamu ya mapigano na kuisimulia kwa Kiswahili chenye vichekesho hadi mwigizaji wa Hong Kong anaonekana kama kijana wa Nakuru. Tanzania ilimjua Lufufu, ambaye sauti yake ilitawala mabanda umiza ya miaka ya nyuma. Uganda ina jeshi zima la wasimulizi wa Kiganda, VJ Jingo akiwa miongoni mwao. Mpakani, sanaa hizi zinachanganyika. Katika mji kama Busia, ambako mtaa mmoja unaanzia Kenya na kuishia Uganda, mtu anaweza kuangalia filamu ileile kwa sauti mbili tofauti kwa kuvuka barabara.

Muziki nao haukuomba ruhusa. Bongo fleva inapigwa Kampala, rumba ya Congo inapigwa Arusha, singeli imetoka uswahilini Dar es Salaam na kuwatia wazimu vijana wa Mombasa. Februari 14 hadi 16, tamasha la Sauti za Busara lilifanyika Zanzibar kwa mara ya 22, likiwakutanisha wanamuziki wa nchi nyingi ndani ya Ngome Kongwe. Wafanyabiashara wengi hawakufika huko, lakini nyimbo ziliwafikia ndani ya basi la usiku.

Tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili ziliendelea kuwakusanya akina mama jioni, upande huu na upande ule. Muuza mitumba wa Gikomba na mwenzake wa Kariakoo huenda hawajawahi kuonana, lakini wanaweza kubishana kwa simu kuhusu Sultani fulani kwa nusu saa kabla ya kuulizana bei ya robota.

Chakula ni burudani pia. Chapati ya mayai ya Uganda, ile inayoitwa rolex, sasa inakaangwa upande wa Kenya. Chipsi mayai ya Tanzania imekwisha kuvuka Namanga. Na samaki wadogo wa Ziwa Victoria, dagaa kwa Mtanzania, omena kwa Mkenya, mukene kwa Mganda, wameendelea kuvushwa kwa magunia na kubadilishwa majina njiani bila cheti chochote cha ubatizo.

Hata neno bodaboda ni mali ya mpaka. Lilizaliwa kwenye baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya pande mbili za Busia, waendeshaji wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili. Baiskeli zimekuwa pikipiki, na jina limesambaa Afrika Mashariki. Pale Busia bado wapo pia wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli zao za miguu mitatu, kama walivyofanya waliowatangulia miongo kadhaa iliyopita. Mwaka 2025 pia walikuwapo, asubuhi na mapema, kabla ya malori kuziba njia.

Upande ambako muziki ulizimwa

Si kila mpaka ulipata mwaka wa kucheza. Mwishoni mwa Januari wapiganaji wa M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Benki zilifunga milango. Maelfu walivuka kuingia Gisenyi wakiwa na magodoro kichwani, kwenye njia ileile ambayo siku nyingine wangepita na nyanya, unga na jibini.

Mpaka wa Goma na Gisenyi, hasa ule unaoitwa Petite Barrière, ni mojawapo ya vivuko vya miguu vyenye watu wengi zaidi katika eneo hili. Wengi wao ni wanawake wanaonunua asubuhi, wanauza mchana na kurudi na faida ya siku. Biashara ya namna hiyo haina ghala wala bima. Mpaka ukifungwa siku moja, mtaji unaliwa. Ukifungwa siku tatu, unakuwa deni.

Pesa taslimu ziliadimika Goma, na watu wakategemea fedha za simu na safari za kuvuka kutafuta noti. Hata hivyo soko lilirudi, kwa sababu tumbo haliahirishwi. Wanawake wa Birere walirudisha meza zao. Mikataba ilisainiwa Washington, wa kwanza Juni 27 na mwingine Desemba 4. Siku sita baada ya huo wa pili, wapiganaji waliingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Mpaka wa Burundi na Rwanda, uliofungwa Januari 2024, nao haukufunguliwa mwaka 2025.

Anayeuza vitenge vya Congo mjini Kampala au Nairobi anajua habari hizi kwa njia yake. Hahitaji ramani. Anaona aina fulani ya mali imekosekana, bei imepanda, na simu ya mteja wake wa Bukavu inaita bila kupokewa.

Dakika chache badala ya foleni

Zipo pia habari njema zisizopigiwa vuvuzela. Juni 19 lilizinduliwa Daraja la Kigongo-Busisi mkoani Mwanza, lililopewa jina la hayati Rais John Magufuli. Lina urefu wa takribani kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria. Kabla yake, gari lililotoka Mwanza kwenda Geita lilisubiri kivuko, na siku za msongamano kusubiri kuliweza kula saa nzima au zaidi. Sasa ni dakika chache.

Barabara hiyo inaunganisha Mwanza na njia za kwenda Rwanda, Burundi, Uganda na Congo. Kwa msafirishaji wa samaki, muda ni barafu: saa moja iliyookolewa ni barafu ambayo haikuyeyuka. Kwa msafirishaji wa ndizi na nyanya, ni mzigo unaofika sokoni kabla wanunuzi hawajatawanyika.

Lakini foleni ya kivuko nayo ilikuwa soko. Palikuwa na mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, na vijana waliouza vocha za simu dirishani. Daraja halisimamishi gari. Wachuuzi wa pale wamelazimika kufikiri upya maisha yao, na wanastahili kukumbukwa kila tunaposifu kasi mpya.

Baiskeli zapanda vilima vya Kigali

Kuanzia Septemba 21 hadi 28, Kigali ilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda mbio za kukimbizana na saa, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio kuu za wanaume. Magdeleine Vallieres wa Canada aliwashangaza wengi kwa kushinda mbio za wanawake.

Kwa Wanyarwanda, nyota wa kweli walikuwa watu wenyewe. Kwenye mteremko wa mawe wa Kwa Mutwe, mashabiki walijipanga pande zote, wakiwashangilia wa kwanza na wa mwisho kwa sauti ileile. Shule za Kigali zilifungwa wiki hiyo, barabara nyingi zikazibwa, na wafanyabiashara wa Nyabugogo na Kimironko wakalazimika kupanga upya safari za mizigo. Waliopanga mapema walifaidi. Waliodhani ni siku moja tu walikaa na mali yao nje ya jiji.

Oktoba nzito

Uwanja wa Kasarani uliojaa vuvuzela Agosti 30 ulijaa vilio Oktoba 16. Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani wa Kenya, alifariki dunia Oktoba 15 nchini India akiwa na umri wa miaka 80, na umati ulioupokea mwili wake uwanja wa ndege ulitembea nao hadi Kasarani. Kwa siku kadhaa, kutoka Nairobi hadi Kisumu na Bondo, biashara ilitii msiba. Upande wa Uganda wa Busia na Malaba pia walikaa matanga kwa namna yao. Baadhi yao ni ndugu wa damu na wale wa Nyanza.

Siku kumi baada ya mazishi ya Bondo, Oktoba 29, Tanzania ilifanya uchaguzi mkuu. Maandamano na ghasia vilizuka, watu walipoteza maisha, na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam. Intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa, ikarejea Novemba 3. Tume ya uchunguzi iliundwa baadaye.

Msiba wa waliopoteza wapendwa hauwezi kulinganishwa na hasara ya mali. Hata hivyo, siku zile ziliwaonyesha wafanyabiashara wa mpakani jinsi maisha yao yalivyoning'inia kwenye uzi mmoja. Oda huja kwa WhatsApp. Picha ya mzigo hutumwa kwa WhatsApp. Bei ya asubuhi ya Kariakoo hufika Nairobi na Kampala kwa WhatsApp. Uzi ulipokatika, malori yalisimama Namanga bila dereva kujua kama mwenye mzigo yuko salama, na mwenye mzigo hakujua kama lori limefika. Waliokuwa na namba za simu za kawaida zimeandikwa kwenye daftari walipiga. Waliokuwa nazo ndani ya kundi la WhatsApp tu walisubiri.

Na ile burudani ya kila siku ilinyamaza pia. Hakuna video ya singeli, hakuna kubishana kuhusu Simba na Yanga, hakuna tamthilia ya usiku iliyotumwa vipande vipande. Wengi walirudi kwenye redio ya betri, chombo kilichokuwa kimesahaulika juu ya kabati.

Kufunga hesabu

Mwaka mpya haukuja mikono mitupu. Uganda ilipanga kupiga kura Januari 15, 2026, na wanaopita Busia, Malaba, Mutukula na Katuna walikuwa wamekwisha kuanza kuhesabu siku za kuleta mali kabla na baada. Mwaka 2027, Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Viwanja vipya vya Talanta jijini Nairobi, Arusha na Hoima vinatayarishwa kwa ajili hiyo. CHAN ilikuwa mazoezi. AFCON itakuja na timu kubwa zaidi, mashabiki kutoka mbali zaidi, na vyumba vya wageni vitakavyohitaji shuka, sabuni, nyama na mboga kutoka pande zote.

Swali ni nani atakayeruhusiwa kuvileta. Ikiwa mabasi ya mashabiki yataweza kutoka Kampala hadi Arusha kwa siku moja, lori la matoke nalo linastahili njia hiyohiyo. Ikiwa tiketi moja ya simu inaweza kusomwa kwenye geti la Nairobi na la Dar es Salaam, cheti cha bidhaa kinaweza pia kusomwa pande mbili bila mwenye mzigo kulipa mara mbili. Serikali tatu ziliweza kukaa mezani kwa ajili ya mpira. Zina meza ileile kwa ajili ya vitunguu.

Wakati huo ukisubiriwa, waliomaliza mwaka wakiwa na mtaji wamebaki na mambo machache ya kuyakumbuka. Jua thamani ya mzigo wako kabla ya kufika mpakani, na dai cheti chako pale unapostahili. Usiweke mtaji wote kwenye jezi ya timu moja. Andika namba za wateja kwenye daftari la karatasi. Weka redio yenye betri. Na mteja wa Goma, wa Namanga au wa Uvira anapopiga simu baada ya siku nyingi za ukimya, mjulie hali kwanza yeye na watoto wake, halafu ndipo muongee bei.